Nyuzi za flati kwenye gitaa la besi: sauti, mkazo na shingo

Swali ambalo wapiga besi wa kwaya na bendi hapa Mwanza huniuliza mara nyingi kuliko jingine lolote kuhusu nyuzi ni hili: nikiondoa nyuzi za raundi zilizokuja na gitaa nikaweka za flati, ni nini hasa kitabadilika? Anayeuliza huwa ameshasikia majibu matatu yanayogongana. Mmoja amemwambia kwamba sauti itakuwa nene na laini kama ya kontrabasi, ile besi kubwa ya mbao inayopigwa mtu akiwa amesimama. Mwingine amemwonya kwamba shingo ya gitaa itapinda. Wa tatu amemwambia kwamba flati ni nyuzi za wazee wa rumba na hazina kazi kwenye muziki wa sasa. Kila jibu lina chembe ya ukweli ndani yake, lakini yote matatu yanapotosha, kwa sababu yanafunga kwenye furushi moja mambo manne yasiyofanana: umbo la uso wa uzi, unene wake, nguvu inayouvuta, na ugumu wake wa kupinda. Mtu akishayafungua haya manne akayaona kila moja peke yake, maswali mengi yaliyobaki hujijibu.

Tuanze na uzi wenyewe ulivyotengenezwa. Ndani ya kila uzi wa besi mna kiini cha waya wa chuma kigumu, na juu ya kiini hicho umezungushwa waya mwingine kuanzia mwanzo hadi mwisho, tabaka moja au zaidi. Kazi ya waya wa juu ni kuongeza uzito bila kuongeza ugumu mwingi. Kama uzi mnene wa E ungekuwa chuma kitupu chenye unene wa zaidi ya milimita mbili na nusu, ungekuwa kama nondo ndogo, usingepinda vizuri chini ya kidole wala kutoa noti safi. Kwenye raundi, waya wa kuzungushia ni wa mviringo, ndiyo maana ukipitisha ukucha juu yake unasikia mikwaruzo ya vijifereji vilivyobaki kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Kwenye flati, tabaka la juu kabisa si waya wa mviringo bali ni utepe bapa wa chuma, uliolazwa kingo kwa kingo, kwa hiyo uso wake ni laini na kidole huteleza bila kukwaruza. Zipo pia nyuzi za katikati, ambazo huzungushwa kama raundi kisha uso wake ukasuguliwa au kubanwa ili upungue makali, na zipo zinazofunikwa kwa utepe wa nailoni. Hizo nitaziacha pembeni, kwa sababu anayezielewa hizi mbili za mwanzo hapotei kwenye nyingine.

Inafaa kukumbuka kwamba flati ndizo zilizotangulia. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alipoanza kuuza besi yake ya umeme, Precision Bass, nchini Marekani mwaka 1951, nyuzi za kawaida za besi ya umeme zilikuwa za flati, na hali ilibaki hivyo kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1960. Ni mwaka 1966 ambapo kampuni ya Rotosound ya Uingereza, ikifanya kazi pamoja na John Entwistle, mpiga besi wa kundi la The Who, ilipata raundi zenye mng'aro wa sauti aliokuwa akiutafuta, sauti inayokaribia ile ya nyuzi nene za piano. Kuanzia hapo raundi zikaenea hata zikawa ndizo zinazofungwa kiwandani kwenye karibu kila besi inayouzwa leo. Kwa hiyo kijana anayeweka flati Igoma au Buhongwa mwaka huu haongezi kitu kigeni kwenye chombo chake. Anakirudisha kwenye nyuzi ambazo kilibuniwa nazo.

Sasa sauti. Uzi unapopigwa hautoi sauti moja tu. Hutetemeka mzima mzima, ndipo tunapopata sauti ya msingi, na wakati huohuo hutetemeka kwa nusu yake, kwa theluthi, kwa robo na kuendelea, na kila mgawanyo hutoa sauti iliyo juu zaidi ya ile iliyotangulia. Uzi wa E ukiachwa wazi hutetemeka mara 41.2 kwa sekunde, na pamoja na hiyo zimo sauti za mitetemo 82.4, 123.6, 164.8, hadi zile za juu kabisa zinazofanana na mlio wa bati jembamba. Sauti hizo za juu ndizo tunazozisikia kama mng'aro, na ndizo zinazotofautisha raundi na flati. Kwenye flati kingo za utepe zimekaribiana mno, kwa hiyo kila uzi unapojipinda kingo hizo husuguana, na mitetemo midogo ya juu, ambayo haina nguvu nyingi, humezwa na msuguano huo mapema kuliko ile mikubwa ya chini. Ukiongeza hapo kwamba kidole hakikwaruzi kinapohama kutoka noti moja hadi nyingine, unapata ile sauti ambayo watu huiita nene.

Hapa pana kosa ambalo napenda sana lisahihishwe. Flati haziongezi besi. Zinapunguza sauti za juu, na sikio, likikosa zile za juu, linaona kana kwamba za chini zimeongezeka. Tofauti hii ina matokeo ya moja kwa moja kwenye amplifaya. Mpigaji aliyetoka kuweka flati, akihisi sauti yake imefifia kati ya kinanda na ngoma, mara nyingi hukimbilia kitufe cha besi na kukizungusha hadi mwisho. Ndani ya kanisa lenye paa la bati na kuta tupu za saruji, ambamo sauti za chini tayari zinazunguka na kurudi, matokeo yake ni mngurumo usio na noti ndani yake. Dawa yake ni kinyume cha hiyo: kitufe cha besi kirudishwe kidogo, na kile cha sauti za kati kipandishwe, kwa sababu huko katikati ndiko msikilizaji anakotambua noti ni ipi. Kwenye mkutano wa wazi, tuseme viwanja vya Furahisha, ambapo hakuna kuta za kurudisha sauti, unaweza kuongeza za chini kidogo bila madhara, lakini hata huko nimeona sauti za kati ndizo zinazomfikia mtu aliyesimama nyuma.

Tena si kweli kwamba flati lazima ziwe na sauti ya upole. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown mjini Detroit, alitumia flati nzito za kampuni ya La Bella na alijulikana kwa kutozibadilisha mpaka uzi ukatike, na sauti yake ilikuwa ya mviringo, fupi, yenye kishindo kwenye mwanzo wa noti. Steve Harris wa kundi la roki la Iron Maiden naye anapiga flati, za Rotosound, lakini kwa vidole vinavyogonga uzi kwa nguvu, na sauti yake ina makali ambayo wengi wangeapa kuwa ni ya raundi. Aina ya uzi ni moja, lakini umri wa uzi, mkono wa mpigaji na mpangilio wa amplifaya vimezaa sauti mbili zisizofanana hata kidogo. Flati mpya kabisa zina mng'aro wa aina yake kwa siku au wiki za mwanzo, mng'aro ambao baadaye hutulia, na aliyezihukumu siku ya kwanza amehukumu kitu ambacho hakitakuwapo mwezi ujao.

Jambo hili la umri linatugusa sisi wa pwani ya ziwa kuliko watu wengi. Raundi hufa kwa sababu ya ile mifereji kati ya mizunguko ya waya: jasho, mafuta ya ngozi na vumbi huingia humo, vikakauka, na uchafu huo huzuia mitetemo ya juu kama vile mtu ameweka kitambaa juu ya uzi. Mpigaji wa kwaya anayefanya mazoezi jioni mbili kwa wiki na kupiga ibada mbili Jumapili, kwenye joto letu na unyevu wa ziwa, anaweza kuona mng'aro wa raundi ukipotea ndani ya wiki chache. Wengi wetu tumewahi kuzichemsha kwenye sufuria ili kuzifufua, na kweli huamka, kwa sababu maji ya moto hutoa mafuta na uchafu ulioganda, ingawa ufufuo huo haudumu na zisipokaushwa vizuri kutu huingia haraka. Kwenye flati hakuna mifereji ya kutunza uchafu huo juu ya uso. Kuzichemsha hakuna faida, na kwa kweli ni kuzihatarisha, maana maji yanayopenya chini ya utepe hayatoki kwa urahisi. Kinachotakiwa ni kitambaa kikavu cha pamba kila baada ya kupiga, basi. Seti moja ya flati iliyotunzwa hivyo hudumu miaka, na hilo ndilo linalolipa bei yake kubwa. Mtu anayelinganisha bei aweke kwenye hesabu seti za raundi ambazo angezinunua katika kipindi hichohicho, pamoja na nauli ya kuziagiza, kwa kuwa seti nyingi nzuri tunaziagiza Dar es Salaam au Nairobi zije na basi.

Nafika sasa kwenye sehemu inayowachanganya watu zaidi, nayo ni unene na mkazo. Kwenye pakiti ya nyuzi huandikwa tarakimu kama 45, 65, 85, 105. Hizo ni sehemu za elfu za inchi: uzi wa 45 una unene wa takriban milimita 1.14, na wa 105 una milimita 2.67. Mpigaji aliyekuwa na raundi za 45 hadi 105 huagiza flati za 45 hadi 105 akiamini kwamba hajabadilisha kitu ila uso wa uzi. Hapo ndipo anapokosea, kwa sababu tarakimu hiyo inasema unene tu, na haisemi neno juu ya uzito, ilhali uzito ndio unaoamua uzi utavutwa kwa nguvu kiasi gani.

Mtu aliyewahi kukaa Mwaloni, Kirumba, akatazama kamba za kufungia mitumbwi anaweza kulielewa hili bila fomula. Kamba nyembamba iliyokazwa kati ya mtumbwi na mti, ukiitikisa, hucheza haraka haraka. Kamba nene iliyolowa maji, ikikazwa kwa nguvu ileile, hucheza taratibu. Ukitaka ile nene nayo icheze haraka kama ile nyembamba, huna budi kuikaza zaidi. Uzi wa gitaa unafuata sheria hiyohiyo. Urefu wa uzi kwenye besi haubadiliki, noti unayoitaka haibadiliki, kwa hiyo kila gramu unayoongeza kwenye uzi lazima ilipwe kwa mkazo zaidi, na kwa uwiano uleule: ukiongeza uzito asilimia 10, mkazo nao unapanda asilimia 10.

Tuweke tarakimu. Besi ya kawaida ina urefu wa uzi wa inchi 34, yaani milimita 863.6, kutoka kwenye nati ya shingo hadi kwenye briji, kile chuma cha mwilini kinachoshikilia mwisho wa nyuzi. (Nati ninayoisema hapa si ya bolti, ni kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji minne, pale shingo inapokutana na kichwa cha gitaa.) Ili uzi wenye uzito wa gramu 35 kwa kila mita utoe E ya mitetemo 41.2 kwenye urefu huo, unatakiwa uvutwe kwa nguvu ya takriban kilo 18. Uzi wenye gramu 40 kwa mita utahitaji takriban kilo 20.6 ili utoe noti ileile. Tofauti ya kilo mbili na nusu inaonekana ndogo, lakini nyuzi ni nne, na kwa pamoja huvuta shingo ya mbao kwa kilo 70 hadi 90 kutegemea seti, nguvu inayozidi uzito wa mfuko mzima wa saruji, usiku na mchana, hata gitaa likiwa ndani ya begi lake.

Je, flati za unene uleule huwa nzito zaidi? Mara nyingi ndiyo, na sababu yake inaweza kuchorwa kwenye karatasi. Chora mraba, kisha ndani yake chora mduara unaogusa pande zote nne. Mduara huo unajaza asilimia 78.5 tu ya mraba. Zilizobaki ni pembe tupu. Tabaka la waya wa mviringo lina pembe tupu za namna hiyo kati ya kila mzunguko na mwenzake, wakati tabaka la utepe bapa limejaa chuma karibu lote. Kwa hiyo ndani ya unene uleule flati hubeba chuma kingi zaidi, na kwa sababu hiyo huvuta zaidi. Nimesema mara nyingi, sikusema daima, kwa kuwa mtengenezaji anaweza kutumia kiini chembamba au tabaka jepesi chini ya utepe na kupata flati yenye mkazo mdogo. Kampuni ya Thomastik-Infeld ya Vienna ina seti ya flati, JF344, yenye unene wa 43, 56, 70 na 100, ambayo inajulikana kwa kuwa laini kuvuta kuliko raundi nyingi. La Bella nao wana seti ya 52 hadi 110 ambayo huvuta shingo kwa nguvu kubwa. Zote mbili ni flati. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama flati zitapinda shingo ya gitaa lake, nami humuuliza kwanza ni flati zipi. Ushauri wangu ni kutafuta mkazo wa kila uzi, ambao watengenezaji wengi huuchapisha kwa kilo au kwa pauni, na kuulinganisha na ule wa nyuzi unazoziondoa. Pauni 10 ni kama kilo 4.5.

Ugumu ni jambo la nne, na halifanani na mkazo ingawa kidole huvichanganya. Nyuzi mbili zinaweza kuvutwa kwa kilo 19 kila moja, lakini moja ikahisi ngumu na nyingine laini, kwa sababu kingo za utepe wa flati husukumana pale uzi unapopindwa. Mpigaji husema mkazo umezidi, kumbe mkazo ni uleule. Vidole huzoea hali hiyo baada ya siku kadhaa za mazoezi. Ugumu huo una athari nyingine isiyosikika mara moja: uzi mgumu ukibonyezwa kwenye freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, hupanda sauti kidogo zaidi kuliko uzi mlaini, kwa hiyo noti za mwanzo wa shingo zinaweza kuwa sahihi huku za juu zikiwa kali, yaani zimepanda kupita noti zake. Nitalirudia hilo kwenye kurekebisha.

Kabla ya kununua, pima gitaa lako. Chukua futi ya fundi cherehani, upime kutoka kwenye nati ya shingo hadi juu ya freti ya 12. Ukipata sentimita 43.2, besi yako ni ya inchi 34 na nyuzi za urefu wa kawaida zitakufaa. Ukipata karibu sentimita 38, ni besi fupi ya inchi 30, na inahitaji flati zilizotengenezwa kwa ajili yake. Kwenye raundi watu huvumilia kosa hili, lakini kwenye flati halivumiliki, kwa sababu sehemu nene ya uzi ikifika kwenye pegi, kile kifaa cha kukazia uzi kichwani mwa gitaa, na kulazimishwa kuizunguka, utepe hupasuka au kiini hukatika. Sehemu inayozunguka pegi iwe ile nyembamba ya mwisho, ambayo kwenye flati nyingi imefunikwa kwa nyuzinyuzi za hariri za rangi. Kwa sababu ileile, kama besi yako ina matundu ya kupitishia nyuzi kutokea nyuma ya mwili, zipitishe juu kwenye briji badala ya nyuma, ikiwa briji inaruhusu. Ile kona kali inayotokea kwenye tundu watengenezaji kadhaa wa flati wanaitahadharisha.

Badilisha uzi mmoja mmoja. Ukiondoa zote nne kwa mkupuo, shingo iliyozoea kuvutwa kwa kilo 80 inaachiwa ghafla, na ingawa haitavunjika, itachukua muda kutulia na vipimo vyako vyote vitakuwa vya uongo siku hiyo. Ukishapitisha uzi mpya kwenye briji, uvute hadi kwenye pegi yake, acha ziada ya sentimita 10 hadi 12, kisha ukunje kona kali mahali unapotaka kuukata, na ndipo ukate mbele ya kona hiyo. Usikate kabla ya kukunja. Mimi niliwahi kuukata uzi mpya wa A ukiwa umenyooka, nikaona kwa macho utepe ukijilegeza juu ya kiini, na tangu dakika ile uzi ule haukutoa tena noti yenye uhai, wala hapakuwa na namna ya kuurudisha. Ile kona ndiyo inayoushikilia utepe usizunguke juu ya kiini. Mizunguko miwili au mitatu kwenye pegi inatosha, kila mmoja ukikaa chini ya mwenzake, ili uzi uegemee vizuri kwenye nati.

Kuhusu nati yenyewe, angalia kama uzi mpya unaingia hadi chini ya mfereji wake. Ukiuona umekaa juu, umebanwa na kingo, mfereji ni mwembamba. Utajua pia ukiwa unakaza na kusikia mlio mdogo wa kukatika huku noti ikiruka badala ya kupanda taratibu. Mfereji unapanuliwa kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, upande kwa upande, bila kushuka chini. Nati iliyochimbwa mno haina dawa ila kuwekwa mpya, na ningependa kazi hiyo ifanywe na mtu aliyewahi kuifanya.

Nyuzi zote zikishakaa na kukazwa hadi E, A, D na G, acha gitaa mpaka kesho yake. Kisha pima shingo. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ubonyeze pale shingo inapoungana na mwili. Uzi uliokazwa umekuwa rula yako. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane: inatakiwa iwepo, nayo iwe ndogo, kama milimita 0.30. Fila geji ambayo mafundi pikipiki wanatumia kupima valvu ndiyo hasa chombo kinachohitajika, na hakuna mtaa wa Mwanza usio na fundi anayeweza kukuazima kwa dakika tano. Kama flati zako zinavuta zaidi ya raundi zilizotoka, utakuta nafasi imeongezeka, maana shingo imevutwa mbele kama upinde, na nyuzi zimepanda juu ya freti. Kama zinavuta pungufu, shingo imerudi nyuma, nafasi imepotea, na nyuzi zinalialia kwenye freti za mwanzo.

Marekebisho yake yapo ndani ya shingo, kwenye ile fimbo ya chuma inayoitwa trasi rodi, ambayo huzungushwa kwa alenki. Kwenye magitaa mengi, kuzungusha kuelekea mkono wa saa kunakaza fimbo na kuirudisha shingo nyuma, na kinyume chake kunailegeza. Zungusha robo ya mzunguko tu, kaza nyuzi upya kwenye noti zake, upime tena, na ikibidi usubiri saa kadhaa kabla ya robo nyingine. Ukihisi fimbo imekataa, acha na umpelekee fundi, kwa sababu trasi rodi iliyokatika ndani ya shingo hugharimu kuliko gitaa nyingi tunazozitumia hapa. Hapa ndipo ule uvumi wa shingo kupinda unapopata maana yake sahihi. Shingo inapinda, ndiyo, kidogo, na imewekewa chuma kwa ajili ya jambo hilohilo. Gitaa ambalo ningeogopa kulifunga flati nzito ni lile ambalo trasi rodi yake imeshafika mwisho ikiwa bado na raundi nyepesi, au ambalo halina trasi rodi inayofanya kazi. Kwa gitaa la namna hiyo flati zenye mkazo mdogo ndizo njia.

Shingo ikishatulia ndipo unashughulikia kimo cha nyuzi kwenye briji. Wengi huanzia milimita 2.5 kwenye uzi wa E na 2 kwenye uzi wa G, zikipimwa kwenye freti ya 12, kisha hushusha kadiri mkono wao unavyoruhusu. Kwa kuwa flati hazilii ovyo kama raundi zinapogusa freti, baadhi ya wapigaji huweza kuzishusha zaidi. Mwisho kabisa, sahihisha noti za juu, lile jambo nililoahidi kulirudia. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, upate ile sauti nyororo ya juu, uilinganishe kwa programu ya simu na noti unayoipata ukibonyeza freti hiyohiyo. Noti ya kubonyeza ikiwa kali kuliko ile nyororo, sogeza kibebeo cha uzi huo kwenye briji kirudi nyuma; ikiwa imeshuka, kisogeze mbele. Flati kwa ugumu wake kwa kawaida hudai kibebeo kirudi nyuma kidogo, hasa kwenye E.

Sasa, je, uziweke? Kwa mpigaji wa kwaya ambaye kazi yake ni kuishika noti ya msingi chini ya sauti nne za waimbaji, na ambaye kinanda tayari kimejaza sauti za juu, naona flati ni chaguo zuri, na ningemshauri hivyo bila kusita. Kwa mpigaji wa rumba ya taratibu, vivyo hivyo. Lakini muziki mwingi wa injili unaopigwa kwetu huishia kwenye sebene, ambamo besi haikai chini tu. Inaruka, inajibu gitaa la solo, inagongwa kwa kidole gumba, na kila mruko unahitaji ule mng'aro ili usikike juu ya ngoma. Flati kwenye sebene humlazimisha mpigaji kutumia nguvu nyingi apate kidogo. Ambaye Jumapili yake nusu ni nyimbo za kitabuni na nusu ni sebene, na ana gitaa moja tu, abaki na raundi, aziache zichakae kidogo, na apunguze kitufe cha toni wakati wa nyimbo za kitabuni. Atapata karibu nusu ya anachokitafuta bila kununua kitu. Wenye besi isiyo na freti wao wana sababu ya ziada, kwani raundi hula mbao ya shingo kama tupa, na hata kwenye besi yenye freti, raundi za stenlesi huacha vijishimo kwenye freti baada ya miaka.

Ukiamua kuziweka, usizitupe raundi zako. Zifute, zikunje kwa duara kubwa, uziweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa ili unyevu usizifikie. Piga flati kwa wiki mbili za mazoezi na ibada kabla ya kuamua. Pima tena shingo mvua za vuli zikianza, kwa sababu mbao hunywa unyevu na robo ya mzunguko uliyoizungusha wakati wa kiangazi inaweza isiwe sahihi mwezi wa Novemba. Na kama utazirudisha raundi, kumbuka kwamba trasi rodi na vibebeo vya briji navyo virudishwe vilipokuwa, kwa hiyo andika vipimo vya mwanzo kwenye kipande cha karatasi kabla hujalegeza hata pegi moja, na karatasi hiyo ikae ndani ya begi la gitaa.